Likizo ya Lazima

Siku Bwana Mizani alipolazimishwa kwenda likizo, mke wake alinunua nyama.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Tangu mumewe akabidhiwe kibanda cha mizani pale langoni mwa kiwanda cha unga, hajawahi kupumzika hata siku ya mafua. Wenzake waliomba ruhusa za kuzika, za kuuguza, za kwenda kuona mashamba yao. Yeye alibaki kwenye kiti chake, akipima malori ya nafaka yanapoingia yamejaa na kuyapima tena yanapotoka matupu. Kazini walimsifu kwa hilo, na jina lake la kuzaliwa likamezwa na lile la kazi. Mtaani naye mkewe aliitwa Mama Mwalimu, kwa kuwa binti yao wa pekee alikuwa chuo cha ualimu, na mama mtu hakuacha mtu yeyote asahau.

Mume aliingia mchana, jua likiwa utosini, amekumbatia mto wa kiti na chupa ya chai kama mtu aliyehamishwa na mafuriko.

"Karibu, mwenye likizo!" Mama Mwalimu alimpokea kutoka kwenye cherehani yake, alipokuwa akishona sare za shule. "Leo utakula umefumbua macho."

"Likizo gani," alijibu mume. "Wamenifukuza kwa adabu."

Akaeleza huku akivua viatu. Makao makuu walikuwa wameleta mkaguzi mpya, mwanamke mmoja mfupi asiyepandisha sauti. Watu walitegemea aje na vitisho, abandike picha za pingu ukutani. Hakufanya hivyo. Alitoa amri moja tu: kila anayeshika mizani, ufunguo au fedha ya kampuni aende likizo wiki mbili mfululizo kila mwaka, na mtu mwingine akae kwenye kiti chake. Akiwa likizo, asikanyage langoni wala asimpigie simu aliyemshikia kazi.

"Sasa ubaya uko wapi?" aliuliza mke.

"Hujui kazi wewe. Mizani ile ina tabia zake."

"Tabia? Si chuma?"

Bibi, mama mzaa mume, alikuwa mkekani akichambua mchele. "Mwache mwanangu," alisema. "Punda aliyezoea mzigo, ukimtua ghafla huyumba."

Wanawake wawili wakacheka. Mume hakucheka. Alikula vipande viwili vya nyama, akanawa, akachukua simu na kutoka nyuma ya nyumba.

*

Siku zilizofuata alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi alioga na kuvaa shati la kazi, kisha akakumbuka, akalivua. Alitengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika mpaka ukaharibika. Simu ikiita, alitoka nayo nje, na mkewe akipita karibu, sauti ilishuka na kuwa "ndiyo, mzee, sawa, mzee." Alipolala mchana aliilaza chini ya mto wake, naye akalala juu yake kama mlinzi wa benki.

Mama Mwalimu hakuwa mtoto. Alimfuata mama mkwe wake kwenye mkeka.

"Mama, mwanao ana nini?"

"Mwanamume asiyetulia nyumbani kwake," alisema Bibi bila kuinua macho kwenye ungo, "ana kwingine anakotulia."

"Mama! Ni mwanao huyo unayemsema."

"Ndiyo maana namjua. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, halimezeki, halitemeki. Tangu hapo akawa anashona huku sikio liko uani. Na hatimaye sikio likalipwa. Mume alikuwa amesimama nyuma ya bafu, anafikiri hakuna mtu.

"Mwambie asije na maji," alikuwa akisema, pumzi juu juu. "Nimeshasema, asije na maji! Aliyekaa pale si wa kwetu. Asubiri nirudi."

Mama Mwalimu alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati la mtoto kwenye shingo. Maji? Maji gani? Nani anapelekewa maji, na nani huyo "si wa kwetu" aliyekaa hapo? Alilipindua neno kila upande. Kama ni mwanamke, basi ni mwanamke gani huyo asiye na hata bomba?

Alasiri hiyo Mama Pacha alikuja kuchukua nguo za kufua. Huyu alikuwa mke wa jirani yao, mwanamume ambaye mtaa mzima bado ulimwita Askari, ijapokuwa uaskari wenyewe ulishamtoka. Alikuwa mlinzi wa lango kiwanda kile kile. Mwaka juzi nafaka ikaonekana imepungua stoo, magunia kwa magunia, na uongozi ukasema yamepita langoni zamu yake. Ushahidi wa kumfunga haukuwepo. Wa kumfukuza ulitosha. Sasa alishona viatu vya watu kando ya barabara, na mkewe alifua nguo za watu.

Mama Mwalimu alikuwa amempa kazi hiyo kwa huruma, na hakuchoka kuwaambia watu kwamba ni kwa huruma. Lakini kila nguo ilipotoka, na kila iliporudi, alizihesabu kwa sauti mbele ya mwenyewe.

"Si kwamba nakushuku," alizoea kusema. "Ni utaratibu tu."

"Hesabu, dada," Mama Pacha naye alizoea kujibu. "Hesabu haimchomi mtu."

Siku hiyo, mara tu Mama Pacha alipobisha hodi, mume aliyekuwa barazani aliinuka na kuingia ndani. Mama Mwalimu aliona. Akakumbuka kwamba hajawahi kuwaona wawili hao wameketi pamoja hata dakika moja. Mume akimsikia mama huyu, hukumbuka jambo chumbani. Damu ikampanda. Akamtazama mfuaji kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kisigino kilichopasuka.

"Mama Pacha, kwenu maji yapo?"

"Maji? Yanatoka kwa zamu, dada. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Siku hiyo alizihesabu nguo mara mbili.

*

Bosi alikuja Jumamosi. Alikuwa meneja wa ununuzi wa nafaka, mtu wa manukato. Yalimtangulia kuingia na yakabaki baada ya yeye kuondoka. Gari lake lilishindwa kugeuka kwenye kichochoro, ikabidi majirani wasogeze ndoo zao. Aliingia na mfuko wa machungwa, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, ilhali Mama Mwalimu alikuwa ametoka kukipangusa. Alimwamkia Bibi kwa shikamoo huku akitazama saa. Alimwita Bwana Mizani, aliyemzidi umri, "kijana wangu."

"Mama, utuachie kidogo," alimwambia mke wa mwenye nyumba. "Mambo ya kazi."

Mama Mwalimu aliweka chai, akaenda jikoni. Kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu, na pazia halijawahi kuzuia neno.

"Hali si nzuri," Bosi alianza. "Yule binti wa uhasibu waliyemweka kwenye kiti chako, analizunguka lori kabla halijapanda mizani. Anainama chini yake! Ameliona tenki."

"Ameliona?"

"Ameuliza la nini. Dereva akamwambia ni maji ya kunawa." Bosi alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Tenki kubwa kama kaburi, maji ya kunawa! Nimewaambia wengine wasilete mzigo mpaka urudi."

"Hata mimi niliwaambia wasije na maji, mzee. Huyo dereva mkaidi."

"Sasa sikiliza. Ukirudi, kabla hujakaa, utasema mizani umeikuta imechezewa. Uliiacha nzima, umeikuta mbovu. Basi. Yule binti bado yuko kwenye majaribio ya kazi, hana mzizi. Atang'oka bila kelele."

Jikoni, Mama Mwalimu alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Bosi," mume alisema taratibu, "yule hana kosa."

"Na yule mlinzi alikuwa na kosa?"

Bosi alivuta kikombe chake cha chai.

"Tulipata mtu safari ile, tutapata mtu safari hii. Au unataka awe wewe? Maana kwenye kiti kile sikuwahi kukaa mimi. Sahihi zote ni zako."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia..."

"Nilikuambia wapi, kijana wangu? Mbele ya nani?"

Alipotoka, Bosi alimpata Mama Mwalimu mlangoni akijifanya anafagia. Akatabasamu meno yote.

"Asante kwa chai, mama. Mwambie binti asome kwa bidii. Ada isimtie mawazo, sisi tupo."

Gari lilirudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa. Mama Mwalimu alibaki na ufagio mkononi. Ada ya binti, aliambiwa, ni mkopo wa wafanyakazi. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Bosi wa ununuzi anajuaje mkopo wa mtu?

*

"Maji gani?" aliuliza.

Mume alikuwa bado ameketi, anatazama mfuko wa machungwa. "Maji yapi?"

"Usinijibu swali kwa swali. Maji gani, tenki gani, na ada ya mwanangu inalipwa na nani?"

Bibi alisimama kutoka mkekani. "Mama Mwalimu, mpe mumeo nafasi apumue."

"Amepumua wiki nzima, mama. Sasa aseme."

Akasema. Ilitoka kwanza kwa vipande, kisha yote kwa mkupuo. Malori ya mfanyabiashara mmoja, rafiki wa Bosi, yalikuwa na tenki lililofichwa chini ya bodi. Lori lilipoingia, tenki lilikuwa limejaa maji. Likapimwa pamoja na nafaka. Likisha kushusha mzigo, dereva alifungua bomba nyuma ya stoo, maji yakaenda mtaroni, lori likapimwa tupu. Uzito uliopungua wote ukahesabiwa kuwa nafaka. Kampuni ilinunua maji kwa bei ya mahindi.

"Na wewe?"

"Mimi sikuiba hata punje moja, mke wangu. Nakuapia. Mimi niliangalia pembeni tu. Mwisho wa mwezi nikapewa bahasha."

"Ndiyo maana huchukui likizo."

"Angekaa nani?"

Mama Mwalimu alijiona mwenyewe akiwasimulia watu kwenye foleni ya bomba jinsi mumewe anavyoipenda kazi. Alihisi joto masikioni. Kisha jambo lingine likaja, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Nafaka iliyopungua stoo," alisema. "Ile ya mwaka juzi."

Mume akainamisha kichwa.

"Haikutoka langoni."

"Haikutoka."

"Haikutoka kwa sababu haikuingia. Na wewe ulijua. Askari alipita hapa mlangoni amebeba sare zake kwenye mfuko, na wewe ulijua."

"Bosi ndiye aliyesema lazima apatikane mtu. Mimi sikumtaja. Niliulizwa kama mizani ni nzima, nikasema ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima!"

"Na mkewe anakuja hapa," Mama Mwalimu alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Anakuja hapa kila wiki. Ukaniacha nimhesabie nguo. Mbele ya macho yako, ukaniacha nihesabu!"

"Ndiyo maana nilikuwa naingia ndani," alisema mume kwa sauti ndogo.

Bibi aligonga sakafu kwa mkono. "Nyamazeni nyote wawili. Kilichopita kimepita. Mdomo uliponza kichwa. Wewe, mwanangu, rudi kazini, sema bosi wako anavyotaka, ukae. Mkubwa hafungwi kwa neno la mdogo. Ukifungua kinywa, atakayelala ndani ni wewe, na mjukuu wangu atarudi na sanduku lake kichwani."

"Na yule binti wa uhasibu, mama?"

"Ana mama yake huyo. Mama yake amlilie."

*

Tusimpake Mama Mwalimu rangi ya malaika. Jumapili nzima alitamani Bibi awe na haki. Alitazama bati jipya la jiko, akalipigia hesabu liliponunuliwa. Alimfikiria binti yake, aliyebakiza mwaka mmoja. Alifikiria foleni ya bomba, na midomo ya foleni ya bomba. Alifika mahali pa kujiambia kwamba kampuni ni kubwa, haijui hata jina la mumewe, na kikombe kimoja hakikaushi kisima. Neno hilo lilimtuliza kama saa moja hivi.

Jumatatu Mama Pacha alirudisha nguo, zimekunjwa na kupigwa pasi, kwenye beseni kichwani. Alilitua barazani, akakaa pembeni yake, akangoja.

"Asante, Mama Pacha. Hela yako hii."

Mfuaji hakuinuka. "Hujahesabu, dada."

"Leo basi. Nina kazi."

"Hesabu tafadhali."

"Nimesema basi, mama. Nakuamini."

Mama Pacha alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayenuswa na mbwa asiyemjua. "Dada, usinifanyie hivyo. Leo unaniamini, kesho ukikosa shati utasema ni siku ile ambayo hukuhesabu. Mimi neno likishatoka sina pa kulirudishia. Hesabu niondoke na moyo wangu."

Basi Mama Mwalimu akapiga magoti barazani, akahesabu. Alikosea, akaanza upya. Mume alisimama nyuma ya pazia, na safari hii mkewe alijua yuko hapo na anasikia.

Mama Pacha alipokwisha kuondoka, aliingia ndani.

"Kesho tunakwenda kwa mkaguzi."

"Mke wangu, yule mama hatumjui. Pengine na yeye ni wa Bosi. Pengine amewekwa pale kutega watu."

"Pengine."

"Nitafungwa."

"Pengine," alisema tena. "Usipokwenda, nitakwenda peke yangu. Na mimi nikisimulia, sitajua pa kukupunguzia."

Bibi hakumsemesha mkwewe mpaka asubuhi, na asubuhi alimsemesha mwanawe tu: "Vaa shati safi. Wasije wakasema umetoka kwenye nyumba ya fujo."

*

Kwa kuwa hakuruhusiwa kukanyaga langoni, walienda kwenye ofisi za kampuni mjini. Katibu muhtasi aliwauliza shida yao, wakakataa kusema. Akawaweka kwenye benchi karibu na mlango wa choo. Kila aliyepita aliwatazama. Bwana Mizani alimtambua mmoja wa wapambe wa Bosi akipita na faili kwapani, naye akawatambua. Akatoa simu mfukoni kabla hajafika mwisho wa ukumbi.

"Umeona?" alinong'ona mume. "Tayari. Twende zetu."

Mkewe alimshika mkono wa shati, akaukamata hivyo hivyo mpaka walipoitwa.

Mkaguzi alikuwa na mafua, na chai ya tangawizi mbele yake. Aliwaonyesha viti, akamsikiliza Bwana Mizani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza wala kumsaidia. Palipokwama, alingoja. Uso wake haukuwaambia kitu, na hilo liliwaogopesha zaidi kuliko makelele.

"Tangu uende likizo," alisema hatimaye, "malori ya yule mfanyabiashara yamekuwa yakiharibika. Moja limekatika ekseli, jingine dereva ana homa, jingine halina karatasi. Lililokuja ni moja, nalo lina tenki. Nikajiuliza, gari gani linalojua kwamba mpima mizani yuko likizo?"

Mume akafuta jasho.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje. Nilidhani atakuja dereva." Akapenga kamasi, akamtazama sawasawa. "Niambie ukweli. Umekuja kwa sababu umejutia, au kwa sababu umebanwa?"

Mume alimtazama mkewe, kisha akatazama mikono yake. "Sijui, mama. Nadhani nimebanwa kwanza. Kujuta kumekuja nyuma."

"Angalau hujanidanganya hapo. Utapoteza kazi, na mimi sikufichi. Ya polisi siyaamui mimi. Nitaandika kwamba ulikuja mwenyewe. Uzito wake mimi siujui."

"Na yule binti aliyenishikia kazi?" mume aliuliza.

"Yule nilimchagua kwa sababu ana tabia ya kuinama. Hatang'oka."

"Na Askari?" Mama Mwalimu aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa.

"Askari yupi?"

Ikabidi waeleze. Mkaguzi hakuwa amesikia. Ilikuwa kabla yake, na jambo lililokwisha hakuna anayelitolea taarifa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. Alisukuma chai pembeni.

"Hilo ndilo baya kuliko maji," alisema. Akamwambia Bwana Mizani alirudie tena, polepole, naye akaliandika. Alipomaliza, Mama Mwalimu aliuliza kama kampuni itamwomba mtu huyo radhi.

"Kampuni haina mdomo wa kuombea radhi, mama. Ina barua. Nitaipigania barua. Nikishindwa, mtajua nilipigania."

Walipotoka hawakujua kama wameweka shingo zao kwenye mikono ya mtu mwema au wa Bosi. Walitembea mbalimbali njia nzima, kila mmoja akiwaza kwamba mwenziwe ndiye aliyemleta pale.

*

Bosi alisimamishwa kupisha uchunguzi. Watu walisema anaonekana bado na gari lile lile, na kwamba ana wakili anayevaa vizuri kuliko yeye. Bwana Mizani aliachishwa kazi, akahojiwa polisi siku nzima, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti la kuripoti kila wiki. Mama Mwalimu ndiye aliyempigia binti simu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. "Nirudi?" akauliza.

"Usirudi. Cherehani ipo. Tutaona itatufikisha wapi."

"Mama, mimi nimekuwa nikila hela hiyo?"

"Sote tumekula, mwanangu."

Barua ya Askari haikuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Mama Mwalimu alichoka kuingoja. Alimwambia mumewe kwamba maneno ya kampuni ni ya kampuni, lakini jirani ni jirani yao. Mume akajibu yeye hawezi kumtazama mtu yule usoni. Alikuwa amevaa viatu tayari, akavivua. Basi mke akaenda peke yake, wakati ambao Askari yuko barabarani na viatu vyake vya watu.

Alimkuta Mama Pacha uani kwake, ameinama kwenye beseni, mapovu mpaka kwenye viwiko. Pacha walikuwa shule. Mama Mwalimu alikataa kigoda, akasema yote amesimama, akianza na maji na kumalizia na mumewe. Hakujitetea. Aliposema, "Mumeo hakuiba kitu, Mama Pacha, mume wangu ndiye aliyemfukuzisha," alijiandaa kwa kofi, kwa matusi, kwa beseni la maji machafu usoni. Angevipokea vyote.

Mama Pacha aliendelea kusugua kola ya shati lililokuwa mkononi, taratibu, mpaka mikono ikasimama yenyewe.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ni kweli, dada. Tumeandika kwa mkaguzi. Barua itakuja."

"Sisemi barua." Alikuwa anatazama ndani ya beseni. "Aliniambia. Siku ile ile aliporudi na sare kwenye mfuko, aliniambia, mke wangu, sijui chochote. Akaapa. Akaapa kwa watoto."

"Samahani, Mama Pacha."

"Sikumwamini."

Mama Pacha akaliachia shati majini.

"Miaka yote miwili sikumwamini. Nilipekua mifuko yake. Nilimuuliza mwanamke gani kala hayo magunia, maana hapa hayajafika. Nimemlaza sebuleni na watoto. Hajaniuliza tena kwa nini. Anakuja, anakula, anageukia ukutani." Alikung'uta mapovu mikononi, akajifuta kwenye kanga, akainuka kwa kushika magoti. "Umemwambia yeye haya?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza. Nitakwenda sasa hivi, nipitie pale barabarani."

"Usiende."

"Lazima ajue, dada."

"Atajua." Mama Pacha alikuwa akitafuta kandambili zake kwa mguu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyashughulikia. Aliivaa moja, akaikosa ya pili, akaiacha. "Lako atalisikia, na mumeo atakuja kulisema mwenyewe kwa kinywa chake. Lakini niache nifike mimi kwanza. Mimi nina langu la kumwambia."

Akatoka hivyo hivyo kwenda barabarani, mguu mmoja na kandambili, mmoja mtupu.